Goroli Lililonata Kidoleni

Wambui wangu,

Naivasha si Ulaya. Nimejiambia hivyo tangu asubuhi nikiosha mitungi ya maziwa, nikamwambia hata ng'ombe wetu mweupe, ambaye hakuwa ameuliza. Mtu akitoka hapa Rongai baada ya chai anakula chakula cha mchana Naivasha na bado anarudi kukamua jioni. Kazi umepata, tena kazi nzuri, kule kwenye visima vya mvuke, na cheti chako cha umeme hakitalala kabatini kama majirani walivyotabiri. Ningekuwa mama wa kawaida leo ningekuwa naimba. Lakini unaenda kukaa kwa baba yako, na kwa baba yako ni kwa Njoki, mke wake wa huko, na kwangu mimi huko ni mbali kuliko Ulaya.

Sitakuandikia habari ya sweta, wala ya kuchemsha maji, wala ya vijana wa boda boda. Hayo nimekupigia kelele miaka yote, na kama hayajaingia hayataingia kwa barua. Nataka kukuambia habari ya wivu, kwa sababu ninao, na kwa sababu umeniona siku hizi nikizunguka nyumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia na hukuniuliza kitu. Ulidhani ni huzuni ya kuachana. Huzuni ipo, sikatai, lakini ni ndogo.

Wivu wangu kwako ulianza kabla hujajua kutembea. Ulipozaliwa ulipewa jina la mama yake baba yako, kama desturi yetu inavyotaka, naye akawa anakuita "maitu", mama yangu, akikuzungusha shambani kukuonyesha mahindi kana kwamba wewe ndiwe uliyekuja kuyakagua. Mimi nilikuwa kitandani na kidonda cha upasuaji. Nikawaza, mtoto nimembeba mimi, na nikimwita jina lake nitakuwa namwita mama mkwe. Nilisubiri msichana wa pili nimpe jina la mama yangu. Hakuja.

Kitu changu peke yangu katika nyumba hii kilikuwa gramafoni. Unajua ilikotoka lakini hujui nilivyoipata. Baba yangu, guka yako, alikuwa mpishi wa mzungu mmoja upande wa Njoro, na mzungu alipouza shamba na kurudi kwao alimwachia gramafoni ile kwa sababu gari lilikuwa limejaa. Guka aliipenda kuliko ng'ombe. Alipofariki, kaka zangu waligawana shamba. Niliambiwa mimi nimeolewa, shamba langu liko kwa mume. Halafu kaka mkubwa akaona aibu kidogo, akanipa gramafoni na santuri ndani ya katoni ya sabuni. Nilikuja nayo Rongai juu ya lori la kabichi, nimeikumbatia njia nzima, na nilipofika baba yako akasema, "Sasa hii ndiyo mahari unatulipa?" Tulicheka sana siku hiyo. Wakati huo tulikuwa tunacheka.

Ukiwa bado mdogo mkono wa gramafoni ulianza kusumbua, ule mkono unaoshika sindano na kutembea juu ya santuri. Ulikuwa ukifika katikati ya wimbo unakwama, na mwimbaji anarudia neno moja kama mlevi anayetafuta mlango. Baba yako akachukua shilingi akaibandika kwa selotepu juu ya kichwa cha sindano, ili uzito uisukume. Kila nyumba yenye gramafoni ilifanya hivyo, nani angemlaumu? Mimi nami nikafanya langu. Yeye akiwa safarini na lori la maua, nilichovya kidole kwenye mkebe wa mafuta ya kukamulia nikakijaza kile kiungo mkono unapogeukia. Kwetu mafuta hayo yalikuwa dawa ya kila kitu: chuchu za ng'ombe, visigino vyangu, bawaba za mlango, na uso wako ukienda shule. Mkono ukateleza vizuri, nikajiona fundi.

Vumbi la huku halina huruma. Liliingia kwenye mafuta, baridi ya Julai ikaja, mafuta yakaganda, na mkono ukawa mzito kuliko mwanzo. Baba yako akaongeza shilingi ya pili. Mimi nikaongeza mafuta. Kila mmoja alikuwa na dawa yake na wakati wake wa kuiweka, na hatukuwahi kuketi wawili tukafungua kile kiungo tuone ndani kuna nini. Zile shilingi zikawa zinakandamiza sindano, sindano ikala santuri, mpaka kwaya aliyoipenda guka ikasikika kama watu wanaoimba ndani ya gunia. Ndoa yetu nayo ilikwenda karibu hivyo hivyo. Kwanza alilala Naivasha siku za maua mengi, halafu siku za maua machache, halafu akawa anakuja hapa kutembea. Ulikuwa darasa la sita. Niliifunika gramafoni kitambaa, nikaweka picha yako juu.

Njoki nilimwona kwa macho mara moja tu, kwenye mazishi ya cucu uliyepewa jina lake. Hadithi hiyo nimekusimulia, na nimekusimulia vibaya. Nilisema alikuja kujionyesha. Ukweli ni kwamba nilimkuta nyuma ya nyumba akiosha sufuria, mikono imejaa masizi, wakati wanawake wengine wamekaa. Akaniambia, "Mama Wambui, nisaidie na hiyo sabuni." Nilisukuma kipande cha sabuni kwa mguu. Akakiokota, akasema asante, akaendelea kuosha. Hata sahani yangu aliiosha. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumwambia kwa muda mrefu, maneno yenye pilipili, na yote yakabaki kooni kwa sababu huwezi kumtukana mtu anayekuoshea sahani.

Sasa tufike kwenye mambo ya juzi, ambayo ndiyo yamenifanya nishike kalamu.

Ulipotoa ile picha yako na kitambaa ukaanza kufungua gramafoni, ukingoja barua ya kazi, nilifurahi mpaka nikakuletea chai bila kuitwa. Nilijisemea, kumbe damu ya guka iko. Mtoto wangu anatengeneza kitu cha baba yangu, kwenye meza yangu. Nikarudi jikoni kuchambua maharagwe. Halafu nikasikia sauti ya mwanamke sebuleni, nikadhani ni mgeni, nikafuta mikono nije kusalimia. Ilikuwa simu yako, umeiegemeza kwenye kopo la sukari.

"Usiforce, mami," ilikuwa inasema. "Toa hizo shilingi kwanza. Halafu zungusha huo uzito wa nyuma mpaka mkono uelee. Umeelea?"

"Umeelea, Auntie."

"Sasa puliza. Polepole, kama unapoza uji."

Ukapuliza. Nilikuona mashavu. "Umeenda kidogo. Umekwama."

"Ehe! Huo mkono hauna shida ya uzito. Umefungwa kwa joint. Fungua hapo."

Nilijua kwamba ana kibanda cha kutengeneza redio na simu. Nilijua likizo ulikuwa unashinda naye hapo. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kumsikia akikuita "mami" ndani ya nyumba yangu ni kingine. Mimi ndiye nakuita mami. Alilipata wapi hilo?

Ukafungua. Ukasema, "Auntie, hapa kumejaa kitu nyeusi, kama gundi."

"Nusa."

"Inanuka… ng'ombe."

Akacheka. Ana kicheko kikubwa huyo mama, kicheko cha mtu ambaye hajawahi kuambiwa apunguze. "Ngai! Hiyo ni milking jelly! Nani aliweka milking jelly kwa mkono wa record player?"

Ukatazama mlango wa jikoni, na mimi nilikuwa nimesimama hapo na sufuria ya maharagwe. Ukasema, "Sijui, Auntie. Ni ya kitambo."

Ulinifichia aibu. Mtoto mwema hufanya hivyo. Na mimi badala ya kushukuru niliumia zaidi, kwa sababu tayari nyinyi wawili mlikuwa na chumba chenu, na mimi nilikuwa mtu anayesitiriwa mlangoni. Nilichemsha maharagwe yale bila chumvi. Uliyala mpaka mwisho, na hilo pia liliniudhi.

Kesho yake ulitoa yale magoroli madogo ya kwenye kiungo, madogo kama punje za wimbi, ukayalaza kwenye kisosi chenye spiriti. Nilimsikia akikuonya, "Hesabu, mami. Moja ikipotea mkono utacheza upande, hautashika wimbo." Ukahesabu. Halafu ukaenda dukani kununua pamba.

Nilirudi kutoka kukamua. Dirisha lilikuwa wazi, vumbi linaingia, na nikaona kisosi chako mezani, nikakihamishia kabatini. Naapa nilikuwa nakusaidia. Nilipofika jikoni kunawa, nikaona kitu kinang'aa kwenye kidole changu. Goroli moja lilikuwa limenata kwenye mafuta ya kukamulia.

Mpaka hapo sikuwa na kosa. Kabati liko karibu na mlango wa jikoni, mtoto mdogo angefika akitambaa na kulirudisha. Nilisimama nikalitazama lile goroli. Nikasikia umerudi, nikasikia umehesabu, halafu ukahesabu tena. Ukampigia yeye. Hukuniita mimi niliye ndani ya nyumba, ulimpigia mtu wa Naivasha. "Auntie, imepungua moja."

Ndipo nikafungua mkebe wa mafuta, nikalididimiza goroli mpaka chini, nikafunika.

"Mum, umeona kagoroli kadogo hapa?"

"Mimi sijui goroli. Uliza huyo anayejua kila kitu."

Ulipiga magoti. Ulimulika chini ya kabati kwa simu, ukafagia, ukachekecha vumbi kwa kichujio changu cha chai. Nilikuwa naziona nyayo zako, zile zile nilizokuwa nazipaka mafuta hayo hayo, na nilifurahi. Nakuambia ukweli, nilifurahi. Nilijisemea, mkono ukikataa kupona Njoki atakuwa ameshindwa, na utaona kwamba na yeye ni mtu tu. Halafu nikaenda mbali zaidi, mpaka mahali ambapo mtu mzima hapaswi kufika: nikawaza kwamba kama gramafoni haitapona, labda hutaondoka. Usiniulize goroli na safari vinahusiana vipi. Wivu haujasoma hesabu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na wewe chako kilikuwa jikoni kinakupakulia ugali.

Ulimwambia goroli halionekani. Akasema, "Usilie mami, wacha nione."

Sikujua kwamba ulikuwa unalia.

Siku iliyofuata ulitumwa stejini kuchukua bahasha kutoka kwa dereva wa Naivasha. Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe ulipokuja mbio, bahasha mkononi, kwenye kipande cha pamba kuna goroli moja. Nikakuuliza kwa sauti ya mtu asiyejali, "Amenunua wapi?"

"Hazinunuliwi, mum. Ametoa kwa gramafoni yake. Yake ni kama hii yetu, ya miaka hiyo hiyo. Anasema yake inaweza ngoja."

Nilisema ni vizuri. Nikaendelea kukata majani mpaka nikakata na ya kesho.

Nilikuangalia ukiurudisha ule mkono. Uliomba sindano ya cherehani yangu, ukachovya ncha yake kwenye mafuta ya cherehani, ukagusa kiungo mara moja tu. Nilitaka kusema ongeza kidogo, nikauma ulimi. Ukapuliza, na mkono ukaenda wenyewe, ukafika mwisho, ukarudi. Hukuweka shilingi. Halafu ukachagua santuri ya guka, ukaigeuza upande ambao hatukuwahi kuupiga kwa sababu hakuna aliyeupenda, na kwa kuwa hatukuupenda ulikuwa mzima. Nilisikia mpiga gitaa akivuta pumzi kabla ya kuimba. Miaka yote hiyo sikujua kwamba alikuwa anavuta pumzi.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya zizi. Ulinifuata ukanishika bega, ukasema, "Pole mum, najua umemkumbuka guka." Nikaitikia. Haikuwa guka. Nililia kwa sababu yule mwanamke alikuwa amenirudishia sauti za nyumbani kwa baba yangu, akazima zake ili zangu ziwake, na mimi goroli nilikuwa nimelificha kwenye mafuta ya ng'ombe.

Tangu hapo nimetaka kukuambia, na kila nikifungua mdomo natoka na habari ya sweta. Ndiyo maana naandika.

Sijui nikupe funzo gani. Sina hakika mimi mwenyewe nimefunzwa. Bado ukitaja jina lake naona kitu kinanipanda kifuani. Nilimwonea wivu cucu kwa jina, nikamwonea tena kwa kukubeba shambani, nikamwonea Njoki kwa baba yako, na sasa namwonea kwa ajili yako. Ninachojua ni kwamba katika miaka yote hiyo hakuna nilichokishika kwa sababu ya wivu. Baba yako hakubaki. Cucu alikufa tukiwa hatuongei vizuri, na alikuwa mtu mzuri, alikuwa ananiletea viazi vya kwanza vya shamba kabla ya mtu yeyote. Nilivipika nikinung'unika kwamba vina udongo. Viazi, Wambui! Viazi gani havina udongo?

Kwa hiyo nenda ukakae kwa Njoki. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nawe siku ya tatu ulipokee hilo jembe. Ukimpenda, mpende. Usije hapa ukaanza kumsema vibaya ili kunifurahisha. Nitafurahi, najijua, na ukishaondoka nitabaki nikijichukia. Akikufundisha kitu, njoo unionyeshe, hata kama nitakunja uso. Uso wangu ukikunjwa hunyooka baadaye ukiuacha.

Ukikosea kwa watu, na utakosea, usingoje mpaka mtu mwingine abomoe chake ndipo useme. Mimi nilingoja, na sasa kuna mashine ya mtu imekaa kimya huko Naivasha kwa ajili yangu.

Ombi langu ni moja. Usimwite mum. Mwite Auntie, kama sasa, linatosha. Najua ni jambo dogo na la kijinga, lakini nimejaribu kuliachilia nikashindwa, na sitaki kukudanganya kwamba nimeweza.

Gramafoni itabaki hapa. Nilifikiri kukupa uende nayo, halafu nikakumbuka kwamba huko iko nyingine. Nitakuwa naipiga jioni nikimaliza kukamua, baada ya kunawa mikono kwa sabuni, mara mbili. Zile shilingi za baba yako nimezipeleka kwenye sadaka, zimekaa juu ya kichwa cha mwingine vya kutosha. Kuna santuri nyingine yenye upande ambao hatukuupiga pia. Nimeuacha. Nitaupiga ukija.

Sasa angalia ndani ya bahasha hii. Kuna kipande cha nailoni nimekifunga kwa uzi mweusi. Ndani yake kuna goroli la guka. Bado lina mafuta, lioshe kwa spiriti. Mpe Njoki alitie kwenye mkono wa mashine yake, palipo na pengo. Langu litembee kwake kwa kuwa lake linatembea kwangu. Atakuuliza lilikuwa wapi. Usinifichie tena, mami. Mwambie lilikuwa kwa mama yako, ndani ya mkebe wa milking jelly.

Atacheka, namjua sasa. Akicheka, cheka naye.

Lakini usicheke sana.

Mama yako